Kushona mkanda wa kupima mapigo ya moyo kwa uzi unaopitisha umeme, na kuufanya uvumilie kufuliwa

Ukitafuta uzi unaopitisha umeme, kitu cha kwanza utakachokuta kwenye maelezo ya muuzaji ni ukinzani wake, yaani kiasi unavyouzuia umeme: omu kadhaa kwa mita. Wengi huchagua kwa namba hiyo peke yake na kuchukua uzi wenye omu chache kuliko wote. Kwa mkanda wa kusoma moyo, hiyo ndiyo namba isiyokusaidia sana. Ngozi kavu iliyogusana na kitambaa huweka ukinzani wa mamia ya maelfu ya omu, pengine hata kuvuka milioni, na mlango wa saketi inayopokea ishara una ukinzani wa mabilioni ya omu. Kati ya hivyo viwili, uzi ukiwa na omu 10 au 200 hutaona tofauti yoyote kwenye mchoro wa moyo.

Kinachoua kazi ni uzi ambao leo una omu 10, ukifuliwa mara kadhaa unapanda hadi maelfu, na mvaaji akiinua mkono unakatika kwa nusu sekunde kisha unarudi. Saketi haiwezi kujua kama lile ruko lilikuwa pigo la moyo au uzi umeachia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kuutesa uzi kabla ya kushona chochote, na unatumia muda mwingi kwenye viungo kuliko kwenye elektroniki.

Tunachoshona ni mkanda wa kifua wenye pedi tatu za kitambaa, njia tatu za uzi, na vifungo vitatu vya chuma vya kubonyeza vinavyopokea waya wa saketi ya AD8232. Hiyo ni chipu ya kampuni ya Analog Devices ya kukuza ishara ndogo ya umeme wa moyo, inayouzwa ikiwa tayari kwenye kibao kidogo, na mafundi wengi wa elektroniki wanaifahamu.

Vitu vya kuandaa

Cherehani ya kawaida yenye zigizaga, sindano ya vitambaa vya kuvutika namba 90, uzi wa poliesta, lastiki ya upana wa sentimita 4, kitambaa laini cha nailoni kilichopakwa madini ya fedha, uzi wa stenlesi, sponji nyembamba ya milimita 3 hivi, gamu ile ya kubandika kwa pasi inayokazia kola, vifungo vya kubonyeza, rangi ya kucha isiyo na rangi, na maltimita, kile kifaa cha kupima omu. Maltimita ya bei nafuu inatosha, mradi ncha zake ziwe safi. Kabla ya kila kipimo gusanisha ncha zake mbili, andika omu zinazoonekana, kisha uzitoe kwenye kila jibu.

Hatua ya 1: Chagua uzi kwa kazi yake

Hakuna uzi mmoja unaofaa kila mahali kwenye mkanda. Panapogusa ngozi na panapopeleka ishara ni sehemu mbili tofauti, na kila moja ina adui wake.

Uzi wa nailoni uliopakwa fedha ni mlaini, unashoneka kama uzi wa kawaida, na ukiwa mpya unapitisha umeme vizuri sana. Udhaifu wake ni kwamba fedha iko juu tu, kama ganda. Kila msuguano unakwangua kidogo, kila mkunjo unatia nyufa. Jiki huugeuza uso wake kuwa kloridi ya fedha, na salfa huutia weusi. Hapa pana jambo linalosahaulika: lastiki nyingi zina mpira wa asili ndani yake, na mpira huo hukomazwa kwa salfa. Ukilaza kitambaa cha fedha juu ya lastiki ya namna hiyo kwa miezi, utakikuta kimepata rangi ya kahawia upande wa ndani hata kama hukuvaa mkanda. Tafuta lastiki ya spandeksi, au weka kitambaa cha poliesta katikati.

Uzi wa stenlesi ni nyuzinyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Chuma kiko ndani na nje, kwa hiyo hakuna ganda la kubanduka. Ukipata wa daraja la 316L, chukua huo, kwa sababu una molibdenumu inayosaidia chuma kuhimili chumvi ya jasho. Ubaya wake ni ukaidi: unajikunja ovyo, unachakaza sindano, na ncha yake ikikatwa hufumuka kama ufagio. Nywele moja ya ufagio huo ikigusa njia ya jirani, umepata shoti.

Shaba niiweke pembeni haraka. Ikiwa tupu, jasho huipaka ukijani na ngozi inaweza kuwasha. Ikiwa imepakwa vanishi, waya wake mwembamba huchoka kwa kukunjwakunjwa na kukatika ndani bila wewe kuona. Inafaa mkononi kwa fundi redio kuliko kifuani kwa mtu anayepumua mchana kutwa.

Kuna pia nyuzi za kaboni, na hapo ndipo utafiti unapoelekea. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, wakiwa na profesa Matteo Pasquali, walishona uzi wa mirija midogo mno ya kaboni kwenye fulana ya michezo, nao ukasoma moyo na kuvumilia kufuliwa kwa mashine. Nyuzi zao za awali zilikuwa nyembamba mno kwa cherehani, basi wakasokota mafungu matatu ya nyuzi saba saba kwa msaada wa mtu anayeuza vimashine vya kusokotea kamba za meli za mapambo. Ni kazi nzuri. Lakini wewe unayeshona leo, baki na fedha na stenlesi.

Uamuzi wangu ni huu: fedha kwenye pedi, stenlesi kwenye njia. Pedi inahitaji ulaini na mguso mpana, na hata ile kloridi ya fedha inayozaliwa na jasho si adui pale kwenye ngozi, kwani pedi za kubandika za hospitali zenyewe zimetengenezwa kwa fedha na kloridi ya fedha. Njia zinahitaji ugumu wa roho, basi zipewe chuma.

Kama umeuziwa uzi usio na lebo, fanya kama mafundi nguo wanavyotambua kitambaa: choma ncha kwa kiberiti. Wenye nailoni hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge. Wa stenlesi huwaka wekundu na kubaki umesimama. Ukiyeyuka na kuacha nywele za chuma katikati, ni mchanganyiko wa poliesta na chuma, nao pia unafaa kwa njia.

Hatua ya 2: Utese uzi kabla ya kuuamini

Shona vipande vitatu vya mfano, kila kimoja na mstari wa sentimita 10 wa uzi juu ya kipande cha lastiki ileile utakayotumia. Kata na vipande vitatu vya kitambaa cha fedha, kila kimoja kipitie mateso pamoja na kipande kimoja cha uzi. Pima vyote, andika kwenye daftari, kisha anza.

Kipande cha kwanza kifue. Maabara hufuata kiwango cha ISO 6330, ambacho kimejengwa juu ya mashine za kufulia zenye joto na mizunguko maalumu. Nyumba nyingi kwetu hazifui hivyo. Nguo husuguliwa kwa vifundo vya vidole na sabuni ya mche, hukamuliwa kwa kusokotwa hadi maji yaishe, kisha huanikwa juani. Kusokota huko ndiko kunakovunja uzi kuliko mashine, kwa sababu kunaukunja na kuuvuta kwa wakati mmoja. Basi fua kipande chako hivyohivyo, kwa ukatili wa kawaida wa siku ya kufua. Pima kikikauka baada ya kila mfuo, hadi mifuo 10. Ukiwa na subira fika 20.

Kipande cha pili kipe jasho. Koroga gramu 5 za chumvi kwenye lita moja ya maji, ambayo ni kama kijiko kidogo cha chai, na ndicho kiasi cha chumvi kilichomo kwenye jasho la kutengeneza linalotumika katika vipimo vya rangi za vitambaa. Loweka usiku kucha, kausha bila kusuuza, pima. Kisha suuza, kausha, pima tena. Ukiona kipimo cha pili kimerudi karibu na cha mwanzo, tatizo lilikuwa chumvi iliyobaki. Kisiporudi, uzi umeliwa.

Kipande cha tatu kizungushe kwenye kalamu na kukizungusha upande wa pili, mara 100 au zaidi, maltimita ikiwa imeshikizwa kwenye ncha zake. Usiangalie tu namba ya mwisho. Angalia namba inavyotembea. Uzi uliopanda kutoka omu 8 hadi 40 na ukatulia hapo bado ni mzima kwa kazi hii. Uzi unaosoma 9, kisha 700, kisha 12 kila unapougeuza, utupe, hata kama namba yake ukiwa umetulia inavutia.

Hatua ya 3: Kata mkanda

Pima kifua cha mvaaji chini kidogo ya matiti, akiwa amepumua kawaida. Kata lastiki fupi kwa asilimia 10 ya kipimo hicho, halafu ongeza za kukunja na kufungia. Kifua cha sentimita 80 kinapata lastiki ya 72. Mkanda ukibana kuliko hapo mvaaji atauvua, ukilegea pedi zitateleza, na pedi inayoteleza hutoa makelele ya umeme makubwa kuliko moyo wenyewe. Ishara ya moyo juu ya ngozi ina ukubwa wa milivolti 1 hivi, haina nguvu ya kushindana na kitu kinachosugua.

Weka alama tatu kwa chaki: moja kulia kwa mfupa wa katikati ya kifua, moja kushoto, zikiachana sentimita 10 hivi, na ya tatu mbali zaidi ubavuni kulia.

Hatua ya 4: Tengeneza pedi

Kata kitambaa cha fedha vipande vya sentimita 4 kwa 7. Weka sponji ya sentimita 3 kwa 4 katikati, pinda kingo kuizunguka, kisha shona pembeni kwa zigizaga ya uzi wa poliesta. Sponji ndiyo inayoifuata ngozi wakati kifua kinapanda na kushuka. Acha ulimi wa kitambaa wa sentimita 2 upande mmoja. Hapo ndipo njia ya umeme itakaposhonewa, mbali na jasho la moja kwa moja. Pedi yenyewe ishikize kwenye mkanda kwa mishono ya mkono inayofumuka kirahisi, maana itabadilishwa kabla ya mkanda kuisha.

Hatua ya 5: Shona njia

Uzi wa stenlesi uweke kwenye bobini, wa poliesta uweke juu. Ukiupitisha stenlesi kwenye sindano, utakatika au utajifunga fundo kila baada ya sentimita chache, na cherehani itakuchosha bure. Jaza bobini polepole kwa mkono, legeza kidogo skrubu ya keshi yake, na ushone taratibu upande wa nje wa mkanda ukiangalia chini, ili chuma kibaki upande usiogusa ngozi… yaani uso wa nje wa mkanda ndio uwe chini wakati wa kushona. Jaribu kwanza kwenye kipande, kwa sababu wengi hukosea upande.

Tumia zigizaga ya upana wa milimita 3 na urefu wa 1.5. Mshono wa kunyooka hauna pa kunyumbukia: lastiki ikivutika, uzi unabeba mzigo wote na kukatika. Zigizaga hula uzi mara mbili na zaidi ya urefu wa njia. Njia ya sentimita 25 inachukua kama sentimita 55 za uzi, na kwa uzi wa omu 30 hivi kwa mita unapata omu 16 au 17. Ukipima na kupata 60, rudi ukatafute kasoro.

Acha angalau sentimita 1 kati ya njia na njia. Ukimaliza, funika kila njia kwa ukanda mwembamba wa poliesta ulioshonwa pande zote mbili kwa zigizaga, ili nguo ya juu isiisugue.

Hatua ya 6: Viungo

Mikanda mingi hufia hapa, mahali ambapo kitu laini kinakutana na kigumu. Uzi ukikunjika mara elfu katikati ya njia, mkunjo unatawanyika. Ukikunjika kando ya kifungo cha chuma, mkunjo wote unaangukia milimita moja ileile kila mara.

Kwanza kabisa, sahau solda. Stenlesi haishiki solda ya kawaida ya fundi redio, na nailoni iliyopakwa fedha huyeyuka kabla hujainua chuma cha moto. Kila kiungo hapa ni cha kushona.

Bandika kipande cha gamu ya kola nyuma ya mahali pa kifungo, kipana kuliko kifungo kwa sentimita 1 kila upande, na kingo zake uzikate kwa duara. Gamu inaufanya ugumu upungue polepole badala ya kuishia ghafla. Kisha chukua uzi wa stenlesi uliobaki mwishoni mwa njia na uupitishe kwenye kila tundu la kifungo mara tano au sita, ukivuta kila mzunguko ukae kwa kubana. Kifungo kilicholegea kinazunguka, na kila kinapozunguka kinasaga uzi.

Kwenye pedi usitegemee fundo moja. Shona uzi wa njia juu ya ulimi wa fedha kwa mishono mifupi ya mkono ikienda na kurudi katika urefu wote wa sentimita 2, ili sehemu moja ikiachia nyingine kumi zibaki zimeshika. Maliza kwa fundo, paka tone la rangi ya kucha juu ya fundo na ncha, subiri ikauke kabisa, ndipo ukate kilichobaki. Ukikata kwanza, ufagio utafumuka na hutaukusanya tena. Tone liende kwenye fundo tu. Likienea kwenye mishono litajipenyeza kati ya chuma na fedha na kuzuia umeme uliokuwa unautafuta.

Kiungo cha fedha na chuma kikikaa na maji ya chumvi huanza kuliwa taratibu. Kifunike kwa kitambaa, na kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, msuuzo wa mwisho uwe wa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba.

Vifungo vyenyewe viwe vya saizi ya kichwa cha milimita 4, ile ya waya za pedi za hospitali, ili waya wa AD8232 uingie moja kwa moja. Vingi vina nikeli, na nikeli huwasha ngozi ya watu wengi, kwa hiyo upande wa ndani uwe umezibwa na kitambaa.

Sasa pima. Kutoka kifungo hadi uso wa pedi, mkanda ukiwa umelala. Kisha ukiwa umevutwa kwa asilimia 20. Kisha huku unaukunja pale kwenye kifungo. Kati ya njia moja na nyingine, mkanda ukiwa mkavu, maltimita isisome chochote.

Hatua ya 7: Unganisha na uvae

Waya za kibao zina alama RA (mkono wa kulia), LA (mkono wa kushoto) na RL (mguu wa kulia). Fuata herufi, usifuate rangi, maana rangi hubadilika kwa kila mtengenezaji. RA iende kwenye pedi ya kulia, LA ya kushoto, RL ile ya ubavuni. Kibao kipewe volti 3.3, na pini zake za LO+ na LO- ziunganishwe na mikrokontrola, kompyuta ndogo ya kwenye chipu inayosoma ishara, ili ujue pedi imeachia ngozi kabla hujadhani moyo umeruka.

Umeme utoke kwenye betri. Kama unaangalia mchoro kwenye laptopu, chomoa chaja yake ukutani muda wote pedi zikiwa mwilini. Hili halina mjadala. Na kwa mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani, daktari wake aulizwe kwanza.

Lowanisha pedi kwa matone machache ya maji kabla ya kuvaa. Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya kurekodi umeme wa moyo, aliwatumbukizia watu mikono na mguu kwenye mitungi ya maji ya chumvi ili umeme upite; ngozi zetu hazijabadilika tangu wakati huo. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa jasho litachukua zamu baada ya dakika chache. Ukiona mchoro umejaa meno madogo yanayofanana, ni umeme wa ukutani wa hezi 50: sogea mbali na nyaya, lowanisha pedi tena, na uangalie kama pedi ya RL imegusa vizuri.

Kupata mapigo kwa dakika, gawa 60 kwa sekunde zilizo kati ya kilele na kilele. Sekunde 0.8 ni mapigo 75. Mkanda huu unahesabu mapigo, hautambui ugonjwa. Hospitali hutumia elektrodi 10 kupata picha 12 za moyo, na mtu anayesikia maumivu ya kifua aende huko bila kusubiri mkanda useme. Ukifikiria kuuza au kuwavisha wagonjwa, Tanzania suala hilo liko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya liko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, na unaanza nao kabla ya kushona wa pili.

Hatua ya 8: Kufua na kutengeneza

Chomoa waya na betri. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na jiki. Dawa ya kulainisha nguo pia iache, kwani huacha utando juu ya pedi. Usisokote: kunja mkanda ndani ya taulo ukandamize. Anika kivulini ukiwa umelala, kwa kuwa jua kali huua lastiki, na mkanda uliolegea ni mkanda uliokufa hata kama nyuzi zake ni nzima. Pasi usipitishe juu ya fedha, hasa ya mkaa ambayo haina namna ya kujua joto lake. Ukikauka uweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na vitu vya mpira.

Pima tena kila baada ya mifuo mitano na uandike palepale kwenye daftari la Hatua ya 2. Pedi zitachoka kwanza. Utaona weusi usiotoka, au namba ikianza kurukaruka ukibonyeza pedi kwa kidole. Fumua mishono ya mkono, fumua ile sentimita 2 ya kwenye ulimi, weka pedi mpya, na njia za chuma ziendelee na kazi yake.